Madini ya risasi: Sumu inayodumaza ubongo wa mtoto kimyakimya

Mtoto mwenye risasi katika damu yake anaweza kucheza, kula na kulala kama wenzake. Hana homa, hana kikohozi wala upele. Dalili huja baadaye, na huja kwa sura ambayo wazazi na walimu wengi huitafsiri vibaya: anachelewa kuzungumza, hawezi kutulia darasani, anasahau leo alichofundishwa jana. Kutoka Kabwe nchini Zambia hadi Mombasa nchini Kenya, maelfu ya familia zimejifunza kwa gharama kubwa kwamba chanzo hakikuwa uvivu wala laana, bali vumbi lililokuwa mlangoni pao.

Mwaka 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, pamoja na shirika lisilo la kiserikali la Pure Earth, yalitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita moja ya damu. Wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Makala haya yanaeleza madini hayo ni nini, yanamwingiaje mtoto, yanafanya nini katika ubongo unaokua, na nini kinaweza kufanywa, hasa katika nchi za kanda yetu.

Risasi ni madini gani?

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Wengi hulifahamu kama kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Lakini jina hilo, lenye asili ya Kiarabu, ni la madini kwanza. Ni metali nzito ya rangi ya kijivu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa kisu, na inayoyeyuka kwa moto wa mkaa wa kawaida. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoifanya ipendwe na mafundi tangu kale, na ndiyo inayoifanya iwe hatari hadi leo: mtu yeyote mwenye jiko la mkaa na karai kuukuu anaweza kuiyeyusha nyuma ya nyumba yake.

Hivi sasa zaidi ya robo tatu ya risasi inayotumika duniani huingia katika betri za magari, za pikipiki na za kuhifadhia umeme. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Betri ikiisha nguvu haitupwi ovyo, kwa sababu risasi iliyomo ndani ina bei sokoni. Hununuliwa na wakusanyaji wa vyuma chakavu, hupasuliwa, tindikali yake humwagwa, na vibamba vyake huyeyushwa upya. Kazi hiyo ikifanywa katika kiwanda chenye vichujio vya moshi na vifaa vya kinga, madhara yanaweza kudhibitiwa. Ikifanywa uani, au katika kiwanda kisichosimamiwa, moshi na majivu yake hutua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa na katika uwanja wanapochezea watoto.

Tofauti na uchafu wa kawaida, risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine kisicho na madhara. Ikishaingia katika udongo wa juu, hukaa hapo kwa vizazi isipoondolewa au kufukiwa.

Kwa nini mtoto huathirika zaidi kuliko mtu mzima?

Sababu ya kwanza ni namna mtoto anavyoishi. Mtoto wa mwaka mmoja hutambaa, hushika kila kitu, na kila anachoshika hukipeleka kinywani. Vumbi ambalo mtu mzima hulikanyaga kwa viatu, mtoto hulila kwa vidole.

Sababu ya pili ni utumbo wake. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba watoto wadogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutoka katika kiasi kilekile kilichomezwa. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi, kwa kuwa mwili wenye njaa ya madini hayo huikaribisha risasi badala yake. Hivyo mtoto wa familia maskini huumia mara mbili: anaishi karibu zaidi na uchafu, na mwili wake una kinga ndogo zaidi.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni ubongo wenyewe. Kufikia umri wa miaka miwili, ubongo wa mtoto umeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika kipindi hicho kifupi seli za ubongo huunganishwa kwa kasi ambayo haitajirudia tena maishani. Kizuizi cha asili kinachozuia sumu zilizo katika damu zisiingie ubongoni nacho bado hakijakomaa. Sumu inayofika wakati huo hukuta nyumba ikiwa bado inajengwa.

Madhara yanaweza kuanza hata kabla ya kuzaliwa. Mtu mzima huhifadhi sehemu kubwa ya risasi aliyoivuta au kuimeza ndani ya mifupa yake, ambako inaweza kukaa kwa miongo kadhaa. Mwanamke anapopata ujauzito, mwili huchota kalsiamu kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mama aliyekulia karibu na mgodi anaweza kumrithisha mwanawe sumu aliyoipata yeye mwenyewe akiwa msichana mdogo.

Inavyofanya kazi ndani ya mwili

Mwili hauitambui risasi kuwa adui. Kikemia, risasi hujifanya kama kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayotumiwa na seli za ubongo kupelekeana ujumbe. Risasi inapochukua nafasi hiyo, ujumbe mwingine hupita pasipotakiwa na mwingine hukwama. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kuimarisha njia zinazotumika mara kwa mara na kuziacha zisizotumika zife. Mawasiliano yakivurugwa, uchaguzi huo hufanyika vibaya, na njia iliyopaswa kubaki inaweza kupotea.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na umakini, kujizuia, kupanga na kukumbuka kwa muda mfupi, ni miongoni mwa zinazoathirika sana. Ndiyo maana watoto hao mara nyingi huonekana watukutu au wenye hasira za haraka, huku mzazi na mwalimu wakidhani ni tabia.

Ubongo si kiungo pekee kinachoathirika. Risasi huzuia utengenezaji wa chembechembe nyekundu za damu na kusababisha upungufu wa damu. Hudhoofisha usikivu wa masikio, hupunguza kimo cha mtoto, na huharibu figo. Inapofikia kiwango kikubwa sana, huleta maumivu makali ya tumbo, kufunga choo, kutapika, degedege, kupoteza fahamu na kifo. Katika nchi ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku, degedege la risasi ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria iliyopanda kichwani, au hata pepo.

Hakuna kiwango salama

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba mtoto aliyenusurika kifo alikuwa amepona, na kwamba kiasi kidogo cha risasi hakikuwa na neno. Imani hiyo ilivunjwa hatua kwa hatua. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alichapisha utafiti ambao kwao alitumia meno ya utotoni yaliyong'oka. Kwa kuwa risasi hujikusanya katika meno kama inavyojikusanya katika mifupa, meno hayo yalikuwa kumbukumbu ya kile ambacho mtoto alikipokea miaka iliyotangulia. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi zaidi, ingawa hawakuwahi kuugua waziwazi, walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao waliwaeleza kuwa wasiotulia zaidi.

Mwaka 2005, watafiti waliunganisha takwimu za watoto 1,333 waliofuatiliwa tangu uchanga nchini Marekani, Mexico, Australia na Kosovo. Matokeo yao yalikuwa kinyume na yale ambayo wengi wangetarajia. Risasi ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, kipimo cha akili kilishuka kwa wastani wa pointi 3.9. Ilipopanda kutoka 10 hadi 20, kilishuka kwa pointi 1.9 zaidi. Kwa maneno mengine, kiasi cha kwanza kidogo ndicho kilichodhuru zaidi kwa kila mikrogramu iliyoongezeka.

Pointi tatu au nne kwa mtoto mmoja huenda zisionekane. Lakini zikipotea kwa watoto wa mji mzima, idadi ya wanaoshindwa kabisa na masomo huongezeka sana, na idadi ya wale ambao wangekuwa wahandisi, waganga na walimu bora hupungua.

Mabadiliko ya viwango vya tahadhari nchini Marekani yanaonyesha jinsi sayansi ilivyosogea. Hadi miaka ya 1960, mtoto alihesabiwa kuwa na sumu pale tu alipofikia mikrogramu 60. Mwaka 1985 kiwango kilishushwa hadi 25, mwaka 1991 hadi 10, mwaka 2012 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. WHO inasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na inashauri kwamba mtoto aliyefikia mikrogramu 5 atafutiwe chanzo cha sumu na chanzo hicho kiondolewe.

Kabwe: Mji uliojengwa juu ya mgodi

Kabwe uko takriban kilomita 140 kaskazini mwa Lusaka. Enzi za ukoloni uliitwa Broken Hill, na ulikua kutokana na mgodi wa risasi na zinki uliofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mgodi ulifungwa mwaka 1994, lakini malundo ya mabaki yake hayakuondoka. Yanasimama katikati ya mji kama vilima vyeusi, na msimu wa kiangazi upepo huyapeperusha hadi katika vitongoji vya Kasanda, Chowa na Makululu. Mfereji uliochimbwa kuondoa maji ya mgodi ulipita karibu na makazi, na watoto walikuwa wakiogelea humo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na wanasayansi wa Zambia na Japani uliwapima watoto wa chini ya miaka saba katika vitongoji hivyo vitatu. Kila mtoto aliyepimwa alikuwa amezidi mikrogramu 5, na baadhi yao walizidi 100. Hicho ni kiwango ambacho kinaweza kusababisha degedege na kifo.

Serikali ya Zambia ilianza kazi ya kusafisha mji huo kupitia miradi iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mradi wa kwanza ulimalizika mwaka 2011, na mwingine, wa dola milioni 65.6 kwa ajili ya Kabwe na miji ya ukanda wa shaba, uliidhinishwa Desemba 2016. Udongo wa baadhi ya nyua umebadilishwa na watoto wamepimwa na kupewa dawa. Hata hivyo, malundo makubwa yamebaki, na watu wasio na ajira huendelea kuyachimba kutafuta mabaki ya risasi ya kuuza. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch limeeleza mara kadhaa kwamba nyua zilizosafishwa huchafuka tena iwapo chanzo chenyewe hakijaguswa.

Suala hilo limefika pia mahakamani. Oktoba 2020, mawakili walifungua kesi mjini Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa kwa niaba ya kundi linalokadiriwa kuwa na wanawake na watoto 140,000 wa Kabwe. Kampuni hiyo inakanusha kuhusika, ikisema haikuwa mmiliki mkuu wala mwendeshaji wa mgodi huo, na kwamba ulitaifishwa katika miaka ya 1970. Desemba 2023, Mahakama Kuu ilikataa kuidhinisha kesi hiyo iendeshwe kwa pamoja kama kesi ya kundi. Baadaye walalamikaji walipewa ruhusa ya kukata rufaa.

Owino Uhuru: Betri za magari na maziwa ya mama

Mombasa haina mgodi wa risasi. Sumu iliufikia mtaa wa Owino Uhuru kupitia kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichojengwa mwaka 2007 ukutani kabisa mwa nyumba za wakazi wapatao 3,000. Wakazi walilalamikia moshi uliowakereketa koo, vifo vya kuku na mifugo, mimba zilizoharibika na watoto waliokosa nguvu.

Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aliingia katika suala hili kama mama. Mwanawe mchanga aliugua, na madaktari hawakupata sababu hadi damu yake ilipopimwa risasi. Mtoto huyo hakuwa amekanyaga kiwandani. Ilibainika kwamba sumu ilimfikia kupitia kwa mama yake aliyekuwa akimnyonyesha. Omido aliacha kazi na kuanzisha kampeni pamoja na wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Fidia ilichukua muda mrefu zaidi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Juni 2023, Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo. Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha. Kati ya kufungwa kwa kiwanda na hukumu hiyo ya mwisho ilipita miaka 10, muda ambao mtoto aliyekuwa ananyonya huufikisha hadi mwisho wa shule ya msingi.

Inapokuwa maafa

Mikasa miwili ya Afrika Magharibi inaonyesha kinachoweza kutokea pale risasi inapoingia ndani ya nyumba. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, mjini Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Wakazi walikuwa wakichimba na kuchekecha mchanga wa eneo lililokuwa likitumika kuvunjia betri, ili wapate vipande vya risasi vya kuuza. Mchanga huo ulipelekwa hadi nyumbani.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walifariki vijijini. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mawe waliyoyasaga katika viunga vya nyumba zao yalikuwa na risasi nyingi iliyochanganyika na dhahabu. Mwanzoni vifo hivyo vilidhaniwa kuwa vya malaria.

Vyanzo vilivyo karibu na nyumbani

Familia isiyoishi karibu na mgodi wala kiwanda bado inaweza kukutana na risasi. Rangi za mafuta za kupakia milango, madirisha na vifaa vya kuchezea, hasa za manjano na nyekundu, zimekuwa zikichanganywa na misombo ya risasi ili zing'ae na kudumu. Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Rangi ya zamani inapobanduka, au inapopigwa msasa, vumbi lake huwa hatari.

Sufuria za kusubu, zinazotengenezwa mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila aina, zimepimwa katika nchi kadhaa na baadhi yake zikakutwa zinatoa risasi ndani ya chakula, hasa chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya. Baadhi ya aina za wanja, ambazo katika pwani na kwingineko hupakwa hata watoto wachanga, hutengenezwa kwa mawe yenye risasi. Udongo mkavu unaouzwa sokoni na kuliwa na wanawake wajawazito, ambao wengine huuita pemba na wengine odowa, umekutwa na metali zenye sumu, zikiwemo risasi na aseniki, katika utafiti uliofanywa kwenye maeneo ya wachimbaji dhahabu kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Zaidi ya hayo, baba anayefanya kazi ya betri, ya kuchomelea radieta au ya uchimbaji huweza kuirudisha sumu nyumbani katika nywele na nguo zake, akamkumbatia mwanawe kabla hajaoga.

Vichafuzi vingine vinavyomwathiri mtoto

Risasi si peke yake. Zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kuanzia Geita hadi mashariki mwa Kongo, huchomwa hewani wakati wa kutenganisha dhahabu, na mabaki yake huingia mitoni na kujikusanya katika samaki. Mama mjamzito anayekula samaki hao anaweza kubaki mzima huku ubongo wa mtoto tumboni ukidhurika. Ulimwengu uliijua hatari hiyo kupitia mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopewa jina la mji huo, ulianza kutumika mwaka 2017.

Mjini Lubumbashi, watafiti wa chuo kikuu cha mji huo na wenzao wa Ubelgiji waliwalinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na wale waliozaliwa bila kasoro. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba hatari ya kasoro ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba alifanya kazi inayohusiana na migodi ya shaba na kobalti.

Kuna pia moshi wa kuni na mkaa. WHO inakadiria kwamba karibu nusu ya vifo vinavyotokana na nimonia miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano husababishwa na chembechembe za moshi wa ndani ya nyumba. Moshi huo huhusishwa pia na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito mdogo.

Tiba na mipaka yake

Zipo dawa zinazoishika risasi katika damu na kuitoa kwa njia ya mkojo. WHO inapendekeza zitumike kwa watoto waliofikia mikrogramu 45 kwa desilita, nazo huokoa maisha. Lakini haziurejeshi ubongo ulivyokuwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2001 uliwahusisha watoto 780 waliokuwa na kati ya mikrogramu 20 na 44. Dawa ilipunguza risasi katika damu yao, lakini vipimo vya akili havikuonyesha tofauti kati ya waliopewa dawa na wale ambao hawakupewa.

Zamfara ilifundisha jambo jingine: kumtibu mtoto kisha kumrudisha katika uwanja uleule wenye sumu ni kazi bure. Madaktari walisisitiza kwamba udongo wa vijiji uondolewe kwanza, ndipo matibabu yaanze.

Kwa mtoto ambaye tayari ameathirika, lishe bora, mazungumzo, michezo na msaada wa ziada shuleni humsaidia kutumia vyema uwezo alio nao. Mtoto huyo anahitaji mwalimu anayeelewa hali yake, kwani fimbo haiondoi risasi mwilini.

Nini kinaweza kufanywa?

Ushahidi kwamba jamii inaweza kushinda upo. Kwa miongo mingi risasi ilichanganywa katika petroli, na moshi wa magari uliisambaza katika kila mji. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeacha kuitumia. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Nchini Marekani, wastani wa risasi katika damu ya watoto wadogo ulikuwa takriban mikrogramu 15 mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya petroli na rangi kudhibitiwa, sasa uko chini ya 1. Watoto hao hawakutibiwa mmoja mmoja. Sheria iliondoa chanzo.

Hatua kama hizo zinahitajika sasa kwa betri, rangi na mabaki ya migodi: leseni zinazokaguliwa, viwanda vilivyo mbali na makazi, na vipimo vya damu katika hospitali za wilaya, ambavyo bado ni adimu katika kanda yetu.

Wakati serikali zikisubiriwa, wataalamu wa afya huwashauri wazazi wanaoishi karibu na machimbo, viwanda au wavunjaji wa betri kuchukua hatua zifuatazo:

Waoshe mikono ya mtoto kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na waoshe pia vitu vyake vya kuchezea.

Wadeki sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu kunakotimua vumbi, na viatu vya kazini viachwe nje.

Mwenye kazi ya betri, uchomeleaji au uchimbaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Betri isipasuliwe wala kuyeyushwa nyumbani, na maganda yake yasitumike kuchotea maji au kupandia mboga.

Mtoto apewe, kadiri ya uwezo wa familia, vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu: maharage, mboga za majani, dagaa, maziwa na mayai. Mtoto asiye na njaa hufyonza risasi kidogo zaidi.

Mama mjamzito aepuke kula udongo, na mtoto mchanga asipakwe wanja ambao asili yake haijulikani.

Hatua hizi hupunguza hatari, lakini haziiondoi pale ambapo ardhi yenyewe imechafuka. Mzazi mwenye wasiwasi amweleze mhudumu wa afya, bila kusubiri dalili, mahali anapoishi na kazi inayofanyika nyumbani kwake, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya daktari afikirie kupima risasi. Na pale ambapo watoto wengi wa mtaa mmoja wanaugua bila sababu inayoeleweka, wakazi waandike majina na tarehe na kuzifikisha kwa ofisa afya wa eneo lao.